UZI: Sheria za majimbo ya Marekani za kutafutia taka rejelezi soko: nani analazimishwa kununua, na fedha zinatoka wapi

#1 MizaniYaTaka (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mjadala wa taka ukianza hapa jukwaani huwa tunaishia kwenye ukusanyaji: mapipa ya rangi, magari, faini kwa anayetupa ovyo. Leo naleta upande usiozungumzwa sana, yaani mnunuzi. Chupa iliyookotwa, ikachambuliwa na kufungwa belo (mzigo uliobanwa na kufungwa pamoja) bado ni taka mpaka apatikane wa kuilipia. Majimbo ya Marekani yamelijua hilo kwa gharama kubwa, na sheria zao zina ya kuiga na ya kuepuka.

California ilianza kwa kukusanya. Sheria ya AB 939 (AB, SB na HB ni alama za namba za miswada ya mabunge ya majimbo) ya 1989 iliagiza kila mji na kaunti ipunguze taka inayokwenda dampo kwa asilimia 25 ifikapo 1995 na asilimia 50 ifikapo 2000. Mzigo ukawa mwingi kuliko viwanda vya ndani, na sehemu kubwa ikapakiwa meli kwenda China. Julai 2017 China ikaliarifu Shirika la Biashara Duniani (WTO) kwamba inafunga mlango: aina 24 za taka zikapigwa marufuku tangu 1 Januari 2018, na kuanzia 1 Machi mzigo ulioruhusiwa ukatakiwa usizidi uchafu wa asilimia 0.5. Mitambo ya kuchambua ya Marekani haikujengwa kwa kipimo hicho. Karatasi mchanganyiko ambazo miji ilikuwa inalipwa zikawa kitu cha kulipia ziondolewe.

Tangu hapo mabunge ya majimbo yameongeza kasi ya sheria za soko, ingawa nyingine ni za zamani. Ukizisoma utaona zinafanya kazi kwa njia tofauti. Ziko zinazomlazimisha mtengenezaji atumie malighafi rejelezi kwa kiwango fulani. California imefanya hivyo kwa chupa za glasi (asilimia 35, au 25 kama glasi ni ya rangi mchanganyiko) na kwa sufi ya glasi ya kuzuia joto kwenye majengo (asilimia 30 tangu 1995). Kwa chupa za plastiki za vinywaji ipo AB 793 ya 2020: asilimia 15 tangu 2022, 25 tangu 2025, 50 ifikapo 2030. Washington ilifuata 2021 kwa SB 5022: asilimia 15 mwaka 2023, 25 mwaka 2026, 50 mwaka 2031, na ikaongeza mifuko ya taka na chupa za sabuni.

Nyingine zinaleta mtaji. California ina maeneo maalumu ya kukuza soko, na kiwanda kilicho ndani ya eneo kinaweza kuomba mkopo wa jimbo wa hadi dola milioni 2 au asilimia 75 ya gharama ya mradi, kile kilicho kidogo. Washington kwa sheria ya HB 1543 ya 2019 ilianzisha kituo cha kukuza soko chini ya idara ya mazingira, kikishirikiana na idara ya biashara. Sheria hiyo hiyo ilidai mipango ya serikali za mitaa ya kupunguza uchafu kwenye mapipa, na hapo walifikiri vizuri, maana soko haliji kwenye belo chafu.

Halafu kuna sheria za wajibu wa mzalishaji, ambapo anayeweka kifungashio sokoni ndiye analipia mfumo. Maine ilitangulia 2021, ikafuatiwa na Oregon mwaka huo huo, kisha Colorado na California 2022, Minnesota 2024, Maryland na Washington 2025.

Msimamo wangu: bila kifungu kinachomlazimisha mtu kununua, mikopo na vituo vya ushauri huwa vinasubiri bei ya mafuta ipande, ndipo plastiki mpya iwe ghali na rejelezi ipate mteja. Karibuni.

#2 Chenga_PET

Mkuu, hoja nzuri. Niongezee kwa nini mnunuzi anakataa mzigo hata sheria ikimtaka anunue.

Belo la PET (plastiki ya chupa za maji na soda) huuzwa kwa daraja. Kwenye vipimo vya chama cha warejelezaji plastiki cha huko, daraja A ni PET asilimia 94 na kuendelea, B ni 83 hadi 93, C ni 73 hadi 82, na chini ya hapo ni F. Mzigo unaotoka kwenye vituo vya amana ya chupa (mnunuzi analipa senti kadhaa dukani, anarudishiwa akirudisha chupa) kwa kawaida ni msafi kuliko wa pipa la nyumbani, kwa sababu chupa haijakutana na mabaki ya chakula wala vioo.

Ukisaga chupa unazitia majini. PET ina uzito mara 1.38 ya maji ya ujazo ule ule, inazama. Vifuniko ni PP au HDPE, plastiki nyepesi kuliko maji, vinaelea, unavichota juu. Hapo ni rahisi. Tatizo ni PVC, plastiki ya aina nyingine: nayo ina uzito wa karibu sawa na PET, inazama pamoja nayo, maji hayakusaidii. Ikipenya hadi kwenye ekstruda (mashine ya kuyeyusha na kusukuma plastiki), ambayo kwa PET hufanya kazi kati ya nyuzi 270 na 285 za Selsiasi, PVC inaoza na kutoa asidi ya hidrokloriki. Asidi hiyo inakata minyororo ya PET, resini (plastiki ghafi inayotoka) inakuwa ya njano na kujaa chembe nyeusi. Vipande vichache tu vya PVC kwenye belo vinatosha kuharibu kundi zima.

La pili ni lebo za PETG (plastiki ya jamii ya PET) zinazovalishwa chupa nzima. PET lazima ikaushwe kwenye nyuzi 160 na zaidi kabla ya kuyeyushwa, kwa sababu unyevu ukibaki unaivunja tena. PETG inalainika kabla ya hapo, inashika chenga (vipande vya chupa zilizosagwa) za jirani, na kikaushio kinaziba kwa mabonge. Kiwanda kinasimama, watu wanaingia na nyundo.

Kwa hiyo sheria ya kulazimisha ununuzi isipoambatana na masharti ya muundo wa chupa (lebo, gundi, kifuniko, rangi), unamlazimisha mtu kununua kitu ambacho mashine yake haikitaki.

#3 KaraniBajeti

Wakuu, mbona jibu la fedha ni jepesi? Weka ada kwa kila tani inayoingia dampo, ifungie kwenye mfuko maalumu, mfuko ulipe viwanda. Pennsylvania wamefanya hivyo miaka mingi.

#4 MizaniYaTaka

@KaraniBajeti ni kweli, na Pennsylvania ni mfano mzuri kwa pande zote mbili. Sheria yao Na. 101 ya 1988 iliweka ada ya dola 2 kwa tani, fedha zikaingia kwenye mfuko wa urejelezaji, na miji yenye watu zaidi ya 10,000 ikalazimishwa kukusanya kwa kutenganisha. Wana pia kituo cha soko la rejelezi kinachounganisha wauzaji na viwanda. Mfumo umeishi, na hilo si dogo.

Lakini ada iliandikwa kama namba tupu. Miaka 30 baadaye, 2018, ilikuwa bado dola 2, na dola 2 za 2018 zilikuwa zinanunua chini ya nusu ya zile za 1988. Mishahara, lori na umeme vilipanda, mfuko ukabaki pale pale. Dawa yake ni kuandika ndani ya sheria kwamba ada itapanda kila mwaka kwa mfumuko wa bei, bila kurudi bungeni kuomba kura.

Kasoro ya pili iko kwenye mantiki yenyewe: ukifanikiwa kupunguza taka ya dampo, mfuko unapungua. Fedha zinaisha pale pale unapohitaji kujenga kiwanda cha pili.

Oregon walikuwa werevu zaidi kwenye amana ya chupa. Sheria yao ya 1971, ya kwanza Marekani, ilikuwa na senti 5 kwa chupa. Baadaye wakaandika kwamba kiwango cha chupa zinazorudishwa kikikaa chini ya asilimia 80 kwa miaka miwili mfululizo, amana inapanda yenyewe hadi senti 10. Kiwango kilishuka: mwaka 2014 kilikuwa takriban asilimia 68, mwaka 2015 takriban 64. Tarehe 1 Aprili 2017 amana ikawa senti 10, na kiwango kikapanda tena kuvuka 80. Hakuna mbunge aliyehitaji kusimama kutetea nyongeza. Kifungu cha namna hiyo ndicho ningependa kukiona kwenye kila mfuko wa taka.

#5 DadaKontena

Nakubaliana na mengi, ila kwenye AB 793 mleta mada umepita haraka. Tuikokotoe.

Adhabu ni senti 20 kwa kila ratili iliyopungua. Tani moja ina ratili 2,204.6, kwa hiyo ni karibu dola 441 kwa tani. Chukua kampuni inayotumia tani 10,000 za plastiki kwa chupa zake. Asilimia 25 ni tani 2,500. Ikiwa imetumia rejelezi tani 1,500, imepungukiwa 1,000, na adhabu yake ni dola 440,920.

Sasa mkurugenzi wa fedha anaangalia tofauti ya bei kati ya resini mpya na rejelezi ya daraja la chakula. Tofauti ikiwa chini ya dola 441 kwa tani, atanunua rejelezi. Ikizidi hapo, kulipa adhabu ni nafuu kuliko kutii, ukiacha aibu ya jina kutangazwa. Yaani adhabu ndiyo dari ya bei ambayo mrejelezaji anaweza kudai, na dari hiyo imeandikwa kwa namba isiyosogea, kosa lile lile la ada ya Pennsylvania.

Pili, sheria inahesabu resini rejelezi bila kujali imetoka wapi. Mzigo wa bei nafuu kutoka nje unakidhi sheria sawasawa na chupa iliyookotwa Los Angeles. Mwaka 2025 warejelezaji wa PET wa California walilalamika hadharani kuhusu resini za nje, mpya na rejelezi, na kiwanda kikubwa cha PET cha Vernon kilifunga mwaka huo. Mahitaji ya kisheria yalikuwepo, ila hayakuwa ya kwao.

#6 Wakili_Ziwani

Dada, hoja yako ni ya msingi, na jibu lake ni la kikatiba. Katiba ya Marekani inalipa Bunge la taifa mamlaka juu ya biashara kati ya majimbo, na mahakama zimelitafsiri hilo kuwa jimbo haliruhusiwi kubagua mali ya jimbo jingine. Katika kesi ya Philadelphia dhidi ya New Jersey, 1978, Mahakama ya Juu ilifuta sheria ya New Jersey iliyokataza taka kutoka nje ya jimbo. Taka nayo ni bidhaa ya biashara. Jimbo likiandika «tumia chupa zilizookotwa kwetu tu», linajitafutia kesi.

Ndiyo maana California inapita mlango mwingine: inatumia fedha. Mfuko wa amana ya chupa umekuwa ukitoa malipo kwa kila tani kwa aliyesafisha plastiki ndani ya jimbo na kwa kiwanda cha humo kilichoitumia. Mikopo ya maeneo ya soko nayo ina masharti kwamba malighafi iwe taka ya California ambayo ingekwenda dampo. Kwenye ruzuku jimbo lina nafasi kubwa zaidi kuliko kwenye marufuku.

#7 Chenga_PET

Na fomula ya ruzuku inaweza kuua. Kwenye amana ya California kuna malipo ya kufidia tofauti kati ya gharama ya kurejeleza na bei ya skrepa. Bei hiyo ya skrepa ilikuwa inachukuliwa kwa wastani wa miezi 12 iliyopita. Bei ikishuka ghafla, fomula bado inaona bei nzuri ya mwaka jana, inakulipa kidogo, wewe unauza kwa bei ya leo. Agosti 2019 kampuni ya rePlanet ilifunga vituo vyake vyote 284 vya kurudishia chupa, wafanyakazi kama 750 wakakosa kazi. Bei za alumini na PET zilikuwa zimeshuka, malipo ya jimbo yamepungua na gharama za kazi zimepanda. Mwananchi aliendelea kulipa senti 5 dukani kwa chupa ndogo na 10 kwa kubwa, lakini pa kuzidai pakawa mbali.

Anayeandika kanuni apunguze dirisha la wastani liwe robo mwaka, au aweke sakafu ya malipo.

#8 LamiNaRaba

Wakuu mmeishia kwenye chupa. Mfano ninaouheshimu zaidi ni wa matairi, kwa sababu pale serikali yenyewe ndiyo mnunuzi.

California inatoza dola 1.75 kwa kila tairi jipya, linalipwa dukani. Sehemu ya fedha hiyo inakwenda kwenye ruzuku za miji inayotumia raba ya kusaga barabarani. Lakini kilicholeta mahitaji ni AB 338 ya 2005, iliyoiagiza idara ya barabara ya jimbo itumie lami yenye raba kwa asilimia 20 ya lami yake ifikapo 2007, 25 ifikapo 2010 na 35 ifikapo 2013. Mwenye mashine ya kusaga alijua miaka minane mbele kwamba kuna mteja, na kwa karatasi hiyo benki inakusikiliza.

Kinachoharibika: raba ikichanganywa na bitumini moto inahitaji muda wa kuvimba, na mchanganyiko ukilala kwenye tangi bila kukorogwa, raba inatuama chini. Mkandarasi asiye na tangi lenye mkorogo atatandaza barabara yenye mabaka, kisha atasema raba ni mbaya. Hivyo zabuni lazima itaje vifaa na joto la kutandazia, isiishie kwenye asilimia ya raba. Waya za chuma na nyuzi za tairi nazo ziondolewe kwanza.

#9 Wa_Kayole

Shukrani kwa wote. Sisi Kenya tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 na kanuni za wajibu wa mzalishaji za 2024. Je, hapo tayari tuna soko, ama ni ukusanyaji tu kwa jina lingine?

#10 MizaniYaTaka

@Wa_Kayole swali lako ndilo sababu ya uzi huu. Sheria ya 2022 inaziagiza kaunti ziwe na vituo vya kuchambua taka, na inaweka wajibu kwa mzalishaji. Kituo cha kuchambua kinaongeza mzigo uliopangwa vizuri, jambo jema, lakini ni upande ule ule wa AB 939. Ada ya mzalishaji inaweza kumlipa mwokotaji na lori, na bado kiwanda cha chupa kikaendelea kuagiza resini mpya kwa sababu ni rahisi zaidi mwezi huo.

Kwa hiyo ukisoma kanuni, tafuta kifungu kinachosema nani atatumia tani ngapi ifikapo mwaka gani, na asipotumia analipa nini. Kisha fuatilia fedha zinaingia akaunti ipi. Kama ni hazina kuu, zitagombaniwa na kila wizara.

Ambacho kaunti inaweza kufanya bila kusubiri Nairobi ni ununuzi wake yenyewe: vitofali vya njia za miguu, vigingi vya mipaka, mapipa, mabomba ya maji taka yasiyo ya presha. Tanzania halmashauri zinaweza kuweka sharti hilo kwenye maelezo ya zabuni zinazopita NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni. Liandikwe kwa namba na kwa kipimo, mfano uimara wa kitofali kwa mgandamizo, siyo «bidhaa rafiki kwa mazingira», maana hilo halipimiki na mkaguzi hana la kukataa.

#11 DadaKontena

Na ujazo jamani. Mnunuzi mkubwa wa Marekani anataka lori kamili, ratili 40,000, kama tani 18. Mji mdogo unaojaza belo tano kwa mwezi hauuzi kwa bei ya soko, unauza kwa dalali. Njia inayofanya kazi ni vituo kadhaa kukusanya kwenye ghala moja lenye mizani na mashine ya belo, kwa daraja moja la ubora, na kulipana kwa uzito uliopimwa pale. Ukichanganya belo safi la kituo kimoja na chafu la kingine, lori zima linalipwa kwa bei ya lile chafu. Ruzuku ya kwanza ingekwenda kwenye ghala hilo kabla ya kununua mtambo wa kuosha wa mamilioni.

#12 KaraniBajeti

@MizaniYaTaka nimeelewa kuhusu ada isiyopanda, nimeipokea. Swali la mwisho: tunajuaje kwamba anayedai asilimia 25 anasema kweli? Chenga mpya na rejelezi zikishayeyuka hazina alama.

#13 Chenga_PET

Hazitambuliki kwa macho, mkuu, ila karatasi zinaongea. Chini ya AB 793 kila kampuni inaripoti kwa jimbo kila 1 Machi, ratili za resini mpya na za rejelezi ilizotumia mwaka uliopita.

Mkaguzi aanzie nyuma: ankara za resini, tiketi za mizani za belo, na mavuno. Tani 100 za belo la PET kwa kawaida hutoa tani 65 hadi 75 za chenga safi, nyingine zote ni vifuniko, lebo, gundi, unyevu, uchafu na vumbi la kusaga. Msafishaji anayesema ameingiza tani 100 na kutoa 92 ama ana mzani mbovu, ama amechanganya resini mpya au mabaki ya kiwandani, ambayo hayahesabiki kwa sababu hayajapita kwa mlaji. Linganisha pia umeme na soda ya kuoshea aliyonunua na tani anazodai kuosha. Kiwanda kilichodai kuosha tani mara mbili kwa soda ile ile kina maswali ya kujibu.

Na hati ya belo itaje kituo lilikotoka. Belo lisilo na asili lisihesabiwe kabisa.